Jambia la Babu

Huenda kabatini mwa babu kuna jambia. Usikimbilie kuling'arisha, ule weusi ndio umri wake! Tazama ala. Ya Oman ina pete za fedha na imepinda kwa kona kali. Ya Yemen mara nyingi ncha yake hurudi juu kama ndoana. Halafu mpini. Wayemeni walithamini mno pembe ya kifaru, na hapo ndipo sisi tulipoumia: mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi kama 20,000, mwisho wa miaka ya 1980 walibaki 400 hivi. Yemen ya Kaskazini ilipiga marufuku kuingiza pembe mwaka 1982, lakini magendo yaliendelea. Basi muuzaji akikusifia mpini "wa kifaru kabisa", muulize kibali kiko wapi.