Meno ya watu wafupi wa Flores: Je, babu yao ni wa Olduvai?

Mwaka 2003, watafiti waliokuwa wakichimba pango la Liang Bua, kisiwa cha Flores nchini Indonesia, walikuta mifupa ya mtu mzima mwenye kimo cha mita moja na ushee tu. Ubongo wake ulikuwa kama theluthi ya ubongo wetu. Akaitwa Homo floresiensis, na tangu hapo watu wanabishana: huyu alitoka kwa nani?

Majibu ni mawili. La kwanza linamtaja Homo erectus, zamadamu mwenye mwili mkubwa, aliyefika kisiwani halafu vizazi vyake vikapungua mwili. Si ajabu hivyo. Flores hiyo hiyo ilikuwa na jamii ya tembo waliodumaa, maana kisiwani chakula ni cha kubanabana.

Jibu la pili linagusa Tanzania. Linasema alitokana na zamadamu mdogo wa aina ya Homo habilis, yule ambaye taya lake lilipatikana Bonde la Olduvai mwaka 1960 na kupewa jina mwaka 1964. Yaani hakupungua, alifika akiwa mdogo tayari.

Hapo ndipo meno yanapoingia. Ganda la nje la jino ni gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, kwa hiyo hudumu ardhini hata mifupa ikisagika. Tena jino likishaota, umbo lake halibadiliki, zaidi ya kulika kwa kutafuna.

Mwaka 2015, timu ya Yousuke Kaifu wa Japani ilitoa vipimo vya meno ya Liang Bua. Chonge na magego ya mbele yalikuwa ya kizamani, yakifanana na ya Homo erectus wa mwanzo. Magego ya nyuma, kumbe, yalikuwa mafupi na ya kisasa kwa umbo. Mchanganyiko huo haujaonekana kwa binadamu mwingine. Timu hiyo ikasema babu ni Homo erectus wa Java, si habilis.

Mwaka 2017 Debbie Argue na wenzake walipinga. Walilinganisha mafuvu, mataya, meno na mifupa ya viungo, wakamrudisha Homo floresiensis karibu na habilis.

Ushahidi mzito zaidi umetoka Mata Menge, humo humo Flores. Mwaka 2014 kilipatikana kipande cha taya na meno sita, vya miaka kama 700,000 iliyopita, na taya hilo ni dogo hata kuliko la Liang Bua! Gego moja liko katikati: si la erectus kamili, si la Liang Bua kamili. Mwaka 2024 ukaongezwa mfupa wa mkono wa mtu mzima wa kimo cha kama mita moja, pamoja na meno mengine mawili.

Kwa sasa Java ina uzito zaidi, kwani habilis hajawahi kuthibitishwa nje ya Afrika. Ila zana za mawe za Flores zina umri wa miaka kama milioni moja, na waliozitengeneza hawajaacha hata jino lililopatikana. Likipatikana kubwa, Java imeshinda. Likiwa dogo, Olduvai inarudi mezani.