Rufaa ya Mombasa iliyolegeza kitanzi

ANAYEINGIA Mji wa Kale wa Mombasa kupitia upande wa Fort Jesus hukutana na majengo mawili yenye historia ya sheria. La kwanza ni ngome yenyewe, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 hadi 1596, na ambayo serikali ya kikoloni iliigeuza gereza tangu 1895 hadi 1958. La pili ni mahakama ya zamani iliyojengwa mwaka wa 1902.

Hata hivyo, uamuzi wa kisiwa hicho uliowagusa zaidi Wakenya waliohukumiwa kifo ulitolewa Julai 30, 2010. Siku hiyo Mahakama ya Rufaa, ikiketi Mombasa, iliamua rufaa ya Godfrey Ngotho Mutiso, aliyekuwa amehukumiwa kunyongwa kwa kosa la mauaji.

Kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kilisema kwamba anayepatikana na hatia ya mauaji atahukumiwa kifo. Jaji hakuwa na hiari. Aliyepanga njama ya kuua na aliyeua katika ugomvi wa ghafla walipewa adhabu moja, bila mahakama kupima umri wao, mazingira ya tukio wala majuto yao.

Majaji walisema kulazimisha adhabu hiyo kulikiuka katiba ya wakati huo, iliyolinda uhai, iliyokataza adhabu ya kinyama na iliyompa mshtakiwa haki ya kusikizwa. Mutiso hakuachiliwa huru. Kesi yake ilirudishwa Mahakama Kuu ili utetezi wake kuhusu adhabu usikizwe.

Safari haikuishia hapo. Oktoba 2013, majaji watano wa Mahakama ya Rufaa waliupinga msimamo huo katika kesi ya Joseph Njuguna Mwaura. Utata huo ulitatuliwa Desemba 14, 2017, Mahakama ya Juu ilipoamua katika kesi ya Francis Karioko Muruatetu kwamba kulazimisha hukumu ya kifo kwa mauaji ni kinyume cha katiba. Julai 6, 2021, mahakama hiyo ilifafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji pekee, wala si wizi wa mabavu.

Kwa nini jambo hili ni zito? Mahakama huendeshwa na binadamu, na binadamu hukosea. Shahidi mmoja aliyemwona mtu gizani kwa dakika chache anaweza kuapa kwa moyo safi na bado akamtaja asiyehusika. Ndiyo maana tangu enzi za Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, majaji wameonywa kuupima ushahidi wa aina hiyo kwa makini kabla ya kutia mtu hatiani.

Kesi za uteketezaji nazo zina ugumu wake. Adhabu ya juu ya kuchoma nyumba makusudi ni kifungo cha maisha, na mtu akifa motoni shtaka linaweza kuwa la mauaji. Lakini moto huohuo hula ushahidi ambao ungemtia mtu hatiani au kumwokoa.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 50(6), humruhusu mfungwa ambaye rufaa zake zimegonga mwamba kuomba Mahakama Kuu imsikize upya, iwapo umepatikana ushahidi mpya wenye uzito. Haki hiyo ina maana kwa aliye hai tu.

Kenya haijamnyonga mfungwa yeyote tangu 1987. Mwaka wa 2009 Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia wafungwa zaidi ya 4,000 hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, na mwaka wa 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya vivyo hivyo kwa wafungwa 2,747.

Jamaa za waliouawa nao wanastahili haki, na haki yao ni kuona mkosaji halisi akiadhibiwa. Asiye na hatia akifungwa, muuaji hubaki mitaani.