Hina, Formalini na Nguvu ya Ukucha

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hiyo hutajwa kwa ajili ya ushirika, lakini imebeba pia sifa ya ukucha, kwani ndio unaomvunja chawa. Ukucha ni chombo cha kazi na ni pambo, na tangu zamani binadamu ametafuta cha kuupaka ili upendeze na usikatike. Historia ya vitu hivyo ni historia ya kuyachanganya mambo mawili: ugumu na nguvu.

Hina ni miongoni mwa vipakwa vikongwe zaidi. Wamisri wa kale waliitumia, na katika upwa wetu, kutoka Lamu hadi Unguja na Ngazija, bibi harusi hatolewi ndani bila ya kutiwa hina mikononi na miguuni. Jani la mhina, mmea ambao Linnaeus aliuita Lawsonia inermis mwaka 1753, lina rangi iitwayo losoni. Rangi hiyo hushikamana na keratini, yaani protini inayounda ukucha, unywele na tabaka la juu la ngozi. Haijengi ganda juu ya ukucha. Huzama ndani yake na kubaki humo mpaka sehemu iliyopakwa ikue na kukatwa. Ndiyo sababu hina haizuii maji ya udhu, ilhali rangi ya chupa huyazuia. Ukucha wa mkono hukua kiasi cha milimita 3 kwa mwezi, hivyo huchukua karibu miezi 6 kuota wote upya.

Rangi ya chupa ni mtoto wa karne ya 20. Viwanda vya Marekani viliitengeneza kwa nitroselulosi, kitu kilichotumika pia katika rangi za magari. Baadaye zikaja chupa zenye ahadi kubwa zaidi, ahadi ya kuimarisha kucha, na nyingi zilitegemea formalini, yaani gesi ya formaldehaidi iliyoyeyushwa katika maji. Gesi hiyo ilitambuliwa na mwanakemia Mjerumani August Wilhelm von Hofmann katika miaka ya 1860. Mwaka 1893 Ferdinand Blum alionyesha kwamba formalini hukausha na kuhifadhi nyama ya mwili, na tangu hapo imetumika kuhifadhia maiti.

Utendaji wake katika ukucha hautofautiani sana na huo. Formalini huzifunga nyuzi za keratini kwa vifungo vipya. Wiki za mwanzo mtumiaji hufurahi, kwa kuwa ukucha uliokuwa ukikunjika sasa ni mkavu na mgumu. Lakini kadiri anavyoendelea kupaka, vifungo huzidi, na ukucha hupoteza uwezo wa kupinda. Mabaharia wanalijua jambo hili bila ya kemia: foromali njema hupinda na upepo, na isiyopinda ndiyo inayovunjika. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Marekani waliandika habari za wanawake waliotumia dawa hizo, ambao kucha zao zilibanduka kutoka kwenye nyama kwa maumivu. Hata hivyo, kwa miaka mingi sheria za Ulaya ziliruhusu formaldehaidi hadi asilimia 5 katika dawa za kukaza kucha. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na mwaka 2019 Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika vipodozi.

Chupa nyingine hujisifu kwa kalsiamu, kana kwamba ukucha ni mfupa. Kalsiamu katika ukucha haifiki hata asilimia 1. Ugumu wake hutokana na vifungo vya salfa vilivyomo katika keratini. Vidonge vya bayotini navyo vina tahadhari yake: mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba vinaweza kupotosha majibu ya vipimo vya damu, vikiwemo vya maradhi ya moyo.

Hofmann huyohuyo anahusika pia na jambo lililo karibu zaidi nasi. Katika muongo uleule wa 1860 alieleza sifa za parafenilenidiamini, ambayo ikawa msingi wa rangi nyeusi za nywele. Rangi hizo ndizo zinazochanganywa katika piko na katika ile iitwayo hina nyeusi. Hakuna mhina unaotoa weusi wa wino kwa nusu saa. Rangi ya hina huanza na uchungwa, ikakolea kuwa kahawia. Weusi wa haraka umewaachia mabibi harusi malengelenge na makovu, na wengine mzio usiowatoka maishani. Wala hina halisi haimfai kila mtu, kwani mtoto mchanga mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayojulikana sana katika nchi za malaria, huweza kuvunjikiwa chembe za damu akipakwa.

Ukucha unaokatika ovyo, mara nyingi umechoshwa na kuloweshwa na kukaushwa, kwa sabuni za kufulia na za kuoshea vyombo. Madaktari wa ngozi hushauri kuvaa glavu wakati wa kazi hizo na kupaka mafuta baada ya kunawa. Mafuta ya nazi, waliyojipaka bibi zetu mikononi kila jioni, hayakuukaza ukucha. Yaliuacha uweze kupinda.