Viwanja vya Chuo Kikuu: Kutoka Mnazi Mmoja hata Mlimani

Watu wengi hudhani kwamba habari za chuo ni habari za nyumba zake, na wakuu wake, na hesabu ya wanafunzi waliofuzu. Hayo ni kweli, lakini si yote. Chuo kina ardhi pia, na ardhi ina historia yake. Nataka kuwaeleza wasomaji habari za ardhi mbili za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: ile ya kwanza iliyo katikati ya mji, na ile ya pili iliyo kilimani. Katika habari hizi mna fundisho kwa kila kijiji chenye shule.

Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Tanganyika kupata uhuru. Hakikuwa na nyumba yake. Kilipewa nafasi katika jengo la chama cha TANU, katika barabara ya Lumumba, ambayo zamani iliitwa New Street. Kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na masomo yake yalikuwa ya namna moja tu, yaani sheria. Maana nchi ilikuwa karibu kujitawala, na Waafrika waliojua sheria walikuwa wachache mno. Wanafunzi wake hawakujaza hata chumba kikubwa cha shule. Basi, chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilianza kama mpangaji, pasipo uwanja, wala bustani, wala ukuta.

Lakini ardhi iliyokizunguka haikuwa ardhi tupu. Upande mmoja wa barabara ile ni uwanja wa Mnazi Mmoja, na upande wa pili mitaa ya Kariakoo inaanza. Yafaa tuangalie moja moja.

Kariakoo, kabla ya Vita Kuu ya 1914, palikuwa shamba la minazi la Mzungu mmoja, jina lake Schöller. Serikali ya Wajerumani ililitwaa kwa kusudi la kuweka mtaa wa Waafrika, ikaanza na kujenga nyumba ya soko. Vita vikaja kabla ya kazi kwisha. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, waliweka pale kambi ya wapagazi wa jeshi, nao wapagazi wale kwa Kiingereza waliitwa Carrier Corps. Watu wakalitamka neno lile kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Mji wa Nairobi nao una mtaa wenye jina la asili hiyo hiyo. Wapagazi walikufa kwa maelfu mengi katika vita vile, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa maradhi na njaa na kuchoka. Soko lilifunguliwa mwaka 1923, na kambi ikasahauliwa. Lakini jina limekaa. Mtu anunuaye kitenge Kariakoo leo hutaja wapagazi wale bila kujua.

Mnazi Mmoja una habari nyingine. Serikali za kikoloni ziliugawa mji katika sehemu tatu: ya kwanza ya nyumba za Kizungu, ya pili ya maduka na makazi ambayo wengi wake walikuwa Wahindi, na ya tatu ya nyumba za Waafrika. Kati ya sehemu ya pili na ya tatu Waingereza waliacha nafasi wazi, na nyumba zilizokuwapo wakaziondoa. Walisema ni kwa ajili ya afya ya mji. Lakini kazi yake ilikuwa kuwatenga watu. Basi uwanja ule ulizaliwa kwa nia isiyo njema. Ila ardhi haishiki nia ya mwenye kuipima. Mahali palipoachwa wazi ili watu wasikaribiane, watu walipafanya mahali pa kukutania. TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika barabara iliyo kando yake, na baada ya uhuru uwanja ule ukawekwa mnara wa Mwenge, na kwa miaka mingi mashujaa wa nchi wakakumbukwa hapo.

Hapo ndipo chuo kilipoanza: kati ya jina la wapagazi na uwanja wa kutenganisha uliogeuka kuwa uwanja wa kuunganisha. Sidhani kwamba mjenzi yeyote angaliweza kuwachagulia wanafunzi wa sheria mahali pa kufundisha zaidi ya pale.

Hata hivyo chuo hakikuweza kukaa. Mwaka 1964 kilihamia juu ya kilima, magharibi ya mji, mwendo wa kilometa 13 hivi kutoka katikati. Wakati ule kilima kile kilikuwa nje ya mji. Wenyeji wakapaita Mlimani, na jina hilo ndilo latumika hata leo. Chuo kilipewa ardhi kubwa, ipatayo ekari 1,600, nayo nyumba zikatawanywa juu ya mwinuko, miti na mabonde yakaachwa katikati yake. Wako waliouliza: ardhi nyingi hivi ya nini kwa wanafunzi wachache hivi?

Jibu limetolewa na miaka. Mwaka 1970 chuo kilikuwa chuo kikuu kamili kinachojitegemea. Mwaka 2006 sehemu ya ardhi yake iliyokodishwa ilifunguliwa maduka makubwa yaitwayo Mlimani City. Mwaka 2017 mabweni mapya ya wanafunzi 3,840 yalifunguliwa, na mwaka 2018 maktaba mpya kubwa. Mji nao umekizunguka kilima pande zote. Kama chuo kingalibaki barabara ya Lumumba, hayo yote yangalijengwa wapi? Lakini tuseme pia upande wa pili: kila jengo jipya hula kipande cha ardhi iliyo wazi, na ardhi iliyokwisha kujengwa hairudi kuwa bonde. Ekari 1,600 ni nyingi, lakini zina mwisho.

Tazameni Kariakoo yenyewe. Soko la zamani lilibomolewa, na mahali pake pakajengwa soko jipya lililochorwa na Beda Amuli, Mtanzania, ambaye alilipa mapaa kama miavuli, kwa kukumbuka masoko ya Kiafrika chini ya miti. Rais Nyerere alilifungua mwaka 1975. Moto ukaliunguza Julai 2021, ikabidi litengenezwe tena. Nyumba za chini zenye ua nyuma, zilizokuwa sura ya mitaa ile, karibu zote zimekwisha, na maghorofa yamesimama mahali pake. Ardhi ya pale ina thamani kubwa mno, hata ua wa kukaa jioni umeonekana kuwa hasara.

Na sheria je? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliuweka mwaka 1863 kuwa mpaka: kilichojengwa kabla ya hapo kililindwa chenyewe, na kilichojengwa baadaye kilihitaji kutangazwa kwanza. Lakini Sultani Majid alianza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ile ile ya 1860. Basi karibu mji mzima ulikuwa mchanga mno machoni pa sheria hiyo. Soko, jengo la barabara ya Lumumba, nyumba za Mlimani, vyote vilizaliwa upande usiofaa wa mpaka ule. Vitu kama hivyo hulindwa na watu wanaovijua, au havilindwi.

Ndugu wasomaji, msiseme kwamba mambo haya ni ya mjini. Kila shule ya kijiji ina kiwanja. Leo ni kikubwa kuliko haja yake, na jirani akilima hatua mbili ndani yake hakuna anayesema neno. Mwaka ujao hulima hatua nne. Baada ya miaka thelathini watoto wanacheza barabarani, na wazee wanabishana mpaka ulikuwa wapi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi nawashauri mambo matatu. Pimeni kiwanja cha shule wakati wazee waliokitoa wangali hai, na karatasi zake zitunzwe mahali salama. Pandeni miti mpakani, minyaa au masale, kama ilivyo desturi ya kwenu. Tena andikeni katika daftari la shule jina la mahali na sababu ya jina hilo. Maana Kariakoo ilipoteza kambi yake, na shamba lake, na nyumba zake, na kilichosalia cha kutukumbusha wapagazi ni neno moja tu.