Senti za Madobi wa Jackson Ward

Mwaka 1867, miaka miwili baada ya utumwa kupigwa marufuku Marekani, Mary Prout, mwalimu Mweusi wa Baltimore, alianzisha chama cha wanawake cha kusaidiana katika maradhi na mazishi. Baadaye chama kikapokea wanaume pia, na wanachama wa Richmond, Virginia, wakajitenga na kuunda Chama Huru cha Mtakatifu Luka.

Uhai wa chama hicho ulikuwa katika mabaraza ya mitaani, na Jackson Ward, mtaa wa Weusi wa Richmond, ukawa kitovu chake. Kila baraza lilichagua viongozi wake, likawa na ibada zake na mavazi yake rasmi. Lilikusanya ada, likahudumia wagonjwa na kugharamia maziko. Aliyewahi kuwa mwanachama wa kikundi cha kufa na kuzikana ataufahamu utaratibu huo mara moja.

Baraza la Good Idea, nambari 16, lilimpokea Maggie Lena akiwa bado msichana. Mama yake alikuwa dobi, naye mtoto ndiye aliyebeba nguo safi hadi kwa wateja Wazungu. Mwaka 1899, akiwa sasa Maggie Walker, alikabidhiwa ukatibu mkuu wa chama kilicho taabani: mabaraza 57, wanachama 1,080, dola 31.61 kwenye kasha na deni la dola 400. Alikubali mshahara wa dola 8 kwa mwezi, akazunguka akifufua mabaraza.

Gazeti la chama lilitoka mwaka 1902. Tarehe 2 Novemba 1903 benki ya chama ilifunguliwa, na siku hiyo watu waliweka zaidi ya dola 8,000. Mmoja alianza na senti 31, zikapokelewa. Watoto waligawiwa visanduku vya kadibodi vya kuwekea akiba. Miaka ya 1920 wanachama walipita 100,000.

Walker anakumbukwa kama mwanamke Mweusi wa kwanza Mmarekani kuanzisha benki na kuiongoza, na heshima hiyo anaistahili. Lakini wanawake waliomwamini, wengi wao madobi na watumishi wa majumbani, walikuwa wameshajifunza barazani kutunza hesabu, kuandika kumbukumbu za vikao na kupiga kura, wakati sheria ya nchi ikiwanyima kura. Benki ilisimama kwa sababu wenye akiba walikuwa tayari wamezoea kuaminiana.