Magdalene Odundo na Mitungi Isiyopita Kwenye Gurudumu

Magdalene Odundo alipofika Cambridge mwaka 1971, ufinyanzi haukuwamo katika hesabu zake. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, sehemu ya utoto wake ikapita India, na huko Kenya alikuwa amesomea sanaa ya matangazo ya biashara. Udongo aliukuta ugenini.

Kisha akaufuata Afrika. Katikati ya miaka ya 1970 alikwenda Abuja, mji wa Nigeria ambao siku hizi huitwa Suleja, kwenye kituo cha ufinyanzi kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew. Cardew alikuwa amepeleka huko gurudumu la kufinyangia. Lakini waliomteka Odundo ni wanawake wa Kigwari, akiwemo Ladi Kwali, ambaye picha yake sasa imo kwenye noti ya naira 20. Wao gurudumu la nini? Chungu hutulia chini, mfinyanzi ndiye anayekizunguka.

Njia hiyo ya mkono hakuiacha, hata baada ya kusoma Farnham na kuhitimu Royal College of Art, London, mwaka 1982. Hulivuta donge la udongo, akapandisha pindi juu ya pindi, akakwangua kwa kipande cha kibuyu, halafu akasugua kwa kijiwe hadi chombo king'ae chenyewe. Rangi ni kazi ya moto. Tanuri lenye hewa ya kutosha hutoa wekundu wa machungwa. Chombo kikichomwa tena katika hewa finyu, pamoja na vipande vya mbao, huwa cheusi. Mara nyingine weusi huishia njiani, na mitungi hiyo yenye rangi mbili ndiyo ya kutazamwa kwa muda mrefu zaidi.

Hakuna anayeitekea maji. Ina matumbo, shingo ndefu na vinundu mgongoni. Mingine hukumbusha mitindo ya nywele ya wanawake wa Kimangbetu wa Congo. British Museum inayo.

Vyeo vilikuja baadaye: uprofesa, ukuu wa University for the Creative Arts mwaka 2018, na mwaka 2020 nishani ya kumfanya aitwe Dame. Kabla ya hiyo nishani, mwaka 2019, jumba la Hepworth Wakefield lilimwachia achague vya kuweka kando ya kazi zake. Akachagua vyombo vya kale vya Misri na Ugiriki, pamoja na sanamu za Rodin na Degas.