Suchet, David: mwigizaji wa jukwaa na runinga

David Suchet, aliyezaliwa London tarehe 2 Mei 1946, ni mwigizaji wa Uingereza ambaye watazamaji wengi duniani wanamjua kwa sura isiyo yake: kichwa cha umbo la yai, masharubu yaliyotiwa nta na kusokotwa ncha, tumbo la kubandika na viatu vya ngozi inayong'aa. Tangu Januari 1989 hadi Novemba 2013 alimwigiza Hercule Poirot, mpelelezi wa Kibelgiji aliyebuniwa na Agatha Christie, katika vipindi 70 vilivyorushwa na kituo cha ITV. Kabla ya hapo, wakati huo na baada yake, alikuwa mtu wa jukwaa, aliyepitia Shakespeare, Arthur Miller, Eugene O'Neill, Edward Albee na Oscar Wilde. Ni kawaida kuyatenga maisha hayo mawili, ya runinga yakihesabiwa kuwa ya riziki na umaarufu, ya jukwaani kuwa ya sanaa. Makala haya yanashikilia kwamba mgawanyo huo haupo. Poirot alijengwa kwa mbinu ileile iliyowajenga Caliban na Shylock wa Shakespeare, nayo ni mbinu ya msomaji makini wa maandishi kuliko ya fundi wa kubadili sura.

Asili yake inaeleza sehemu ya safari hiyo. Baba yake, Jack Suchet, daktari wa magonjwa ya wanawake, alihamia Uingereza kutoka Afrika Kusini, na ukoo ulikuwa wa Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki. Mama yake, Joan Jarché, alikuwa mwigizaji, na babu mzaa mama, James Jarché, alikuwa mpigapicha mashuhuri wa magazeti. Kaka yake John alikuja kuwa mtangazaji wa habari katika ITN. David alipitia National Youth Theatre, akasomea uigizaji katika chuo cha LAMDA jijini London, akaanza kazi ya kulipwa mjini Chester mwaka 1969, na mwaka 1973 akajiunga na Royal Shakespeare Company. Huko ndiko mbinu yake ilikopevuka.

Ushahidi wa kwanza ni Caliban. Mwaka 1978 alipewa nafasi hiyo katika The Tempest, tamthilia ambayo Samuel Mushi aliifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Tufani. Mwongozaji alikuwa Clifford Williams. Desturi ya jukwaa la Kiingereza kwa muda mrefu ilikuwa kumfanya Caliban zimwi, nusu mtu nusu samaki, mwenye magamba au mgongo uliopinda. Suchet, kama alivyoeleza mwenyewe katika insha iliyotoka mwaka 1985 kwenye mkusanyiko uitwao Players of Shakespeare, alirudi kwenye maandishi na kuuliza ni nani hasa wanaomwita zimwi. Wanaomwita hivyo ni wageni waliotupwa kisiwani, na baadhi yao wanasema hayo wakiwa na hofu au pombe kichwani. Caliban mwenyewe anazungumza kama mzaliwa wa mahali pale, ajuaye chemchemi ziko wapi na matunda yanaliwa lini, na analia kwamba amenyang'anywa kilicho chake. Basi Suchet akamcheza kama mwenyeji. Hoja hiyo haikuwa ngeni: Aimé Césaire wa Martinique alikuwa amekwisha kumfanya Caliban mtumwa mweusi katika Une tempête ya mwaka 1969. Ila Césaire alilazimika kuiandika upya tamthilia ili aifikie hoja yake, ilhali Suchet aliifikia kwa kuyasikiliza maneno yaliyokuwapo tangu mwanzo.

Shylock anaonyesha jambo hilohilo kwa ukali zaidi, kwa kuwa hapa tunaweza kumlinganisha na mwenzake. Mwongozaji John Barton aliiweka jukwaani mara mbili tamthilia ambayo wasomaji wetu wanaijua kwa tafsiri ya Julius Nyerere, Mabepari wa Venisi: mwaka 1978 Patrick Stewart akiwa Shylock, na mwaka 1981 Suchet. Baadaye Barton aliwaweka wote wawili mbele ya kamera katika mfululizo wa Playing Shakespeare, uliorushwa mwaka 1984, wakacheza maonyesho yaleyale kwa zamu na kubishana. Stewart alimwona Shylock kuwa mtu wa pembeni anayependa fedha kupita kiasi, ambaye Uyahudi wake si kiini cha habari. Suchet alikataa. Kwake Shylock yuko pembeni kwa sababu ni Myahudi, na kila asemwapo na wengine anakumbushwa hivyo. Ukiitazama mijadala hiyo leo utaona kwamba wote wawili wana haki, maana maandishi yanabeba usomaji wa Stewart na wa Suchet pia. Lakini tofauti ya kikazi inajitokeza. Stewart anaanza na tabia ya mtu mmoja. Suchet anaanza na nafasi ya mtu huyo katika jamii ya tamthilia, kisha tabia inafuata. Kwa Iago, aliyemwigiza mwaka 1985 Ben Kingsley akiwa Othello, alijiuliza swali ambalo limekuwa kama saini yake: nikimwondoa mhusika huyu, tamthilia itapungukiwa na nini? Jibu lake lilikuwa wivu. Hivyo akamcheza Iago kama mtu anayeliwa na wivu, wala si shetani mwenye tabasamu.

Tukiwa na hayo mkononi, Poirot hashangazi tena. Suchet alikuwa amekwisha kumkaribia mwaka 1985, alipomwigiza Inspekta Japp katika Thirteen at Dinner, Peter Ustinov akiwa Poirot; kazi hiyo mwenyewe huihesabu miongoni mwa mbaya zaidi alizowahi kufanya. Alipopewa nafasi kuu, kaka yake alimshauri asiiguse, kwa hoja kwamba Poirot ni kichekesho kisichomfaa mwigizaji wa uzito wake. Suchet akavisoma vitabu vya Christie akiwa na kalamu, na kuandika orodha ya sifa za Poirot iliyofika 93: anaweka vijiko vingapi vya sukari, anashikaje fimbo, anaamini nini juu ya ndoa, hapendi nini katika mayai. Sauti yake ya kawaida ni nzito, ya kifuani. Akaipandisha hadi kichwani, kwa kuwa Poirot ni mtu wa akili kwanza na mwili baadaye. Kuhusu mwendo, Christie anasema Poirot hutembea kwa hatua fupi za haraka, na Suchet akaupata mwendo huo kwa kufanya mazoezi akiwa amebana sarafu kati ya makalio. Hadithi hiyo ya sarafu husimuliwa ili watu wacheke, na inachekesha kweli, ila chanzo chake ni sentensi ya kitabuni. Albert Finney mwaka 1974 na Ustinov kuanzia 1978 walimpa Poirot ucheshi na ukubwa wa umbo. Suchet alimpa sababu.

Wako wanaosema kwamba miaka 25 ndani ya mhusika mmoja ni kinyume cha uigizaji wa nafasi nyingi. Msomaji wa Kenya anayemkumbuka marehemu Benson Wanjau kwa jina la Mzee Ojwang, pengine bila kulijua jina lake halisi, anaelewa jinsi runinga inavyoweza kummeza mtu. Hatari hiyo ni ya kweli, na kwa umma mpana Suchet amemezwa. Lakini tuitazame ratiba. Mwaka 1993, Poirot akiwa katika kilele cha umaarufu, alikuwa kwenye ukumbi wa Royal Court katika Oleanna ya David Mamet chini ya uongozi wa Harold Pinter, akiwa mhadhiri anayeporomoshwa na mashtaka ya mwanafunzi wake. Utengenezaji wa Poirot uliposimama katikati ya miaka ya 1990 hadi kurejea hewani mwaka 2000, aliigiza George katika Who's Afraid of Virginia Woolf? mwaka 1996 pamoja na Diana Rigg, kisha Salieri katika Amadeus, London mwaka 1998 na New York mwaka uliofuata, akapendekezwa kwa tuzo ya Tony. Mwaka 2010 alikuwa Joe Keller katika All My Sons, na mkewe jukwaani alikuwa Zoë Wanamaker, yuleyule aliyekuwa Ariadne Oliver katika Poirot. Mwaka 2012, kabla ya vipindi vya mwisho, alikuwa James Tyrone katika Long Day's Journey into Night. Mtu aliyemezwa hapati nguvu za kubeba nafasi hizo. Kila moja kati yake huwamaliza waigizaji wasio na kazi nyingine.

Wengine hulalamika kwamba sanaa yake ni ya nje mno, maleba, lafudhi na nywele za kubandika, na kwamba mtazamaji huona ufundi kabla ya kumwona mtu. Kwa baadhi ya vipindi vya katikati lawama hii inashika, hasa vile ambavyo hati yenyewe ilikuwa nyepesi na Suchet akabaki na mazoea ya mhusika bila kazi ya kuyapa maana. Inadondoka tukifika Murder on the Orient Express ya mwaka 2010. Hapo Poirot anashika rozari, na uamuzi wake wa mwisho juu ya wauaji unamuumiza badala ya kumfurahisha. Walikuwapo walionung'unika kwamba Suchet, aliyeokoka kuwa Mkristo mwaka 1986, alimvika Poirot imani yake. Lakini Christie mwenyewe alimwandika Poirot kuwa Mkatoliki; waigizaji waliotangulia ndio waliolipuuza hilo. Na katika Curtain, kipindi cha mwisho, Poirot yuko kwenye kiti cha magurudumu, mwili umekonda, na ule mwendo uliochukua miaka kujengwa haupo tena. Mhusika amebaki mzima, kwa hiyo hakuwa ameundwa na mwendo.

Pingamizi zito zaidi ni lingine, na mashabiki wake hawalijibu mara nyingi. Ukiorodhesha nafasi zake utaona wageni tupu: Mbelgiji Poirot, Sigmund Freud wa BBC mwaka 1984, Mrusi katika The Falcon and the Snowman, mwindaji wa Kifaransa wa Kanada katika Harry and the Hendersons, gaidi wa Kiarabu katika Executive Decision ya mwaka 1996. Je, huyu ni mwigizaji wa nafasi nyingi au wa nafasi moja, ile ya mtu asiye wa kwetu, aliyepewa lafudhi tofauti kila mara? Sehemu ya jibu ni kukiri. Viwanda vya filamu vya Uingereza na Marekani vilimwona mtu mfupi, mwenye nywele nyeusi na jina lisilo la Kiingereza, vikamtupia kila mgeni aliyepatikana, na yule gaidi wa mwaka 1996 leo angestahili kuchezwa na mtu mwingine, au kuandikwa upya kabisa. Lakini kugawiwa nafasi ni jambo la waajiri. Kinachopimwa ni alichokifanya nazo. Katika A World Apart ya mwaka 1988, filamu iliyopigwa Zimbabwe kwa hati ya Shawn Slovo, bintiye Ruth First aliyeuawa kwa barua yenye bomu mjini Maputo mwaka 1982, Suchet ni Muller, afisa wa polisi wa usalama wa Afrika Kusini anayemhoji mwanamke aliyewekwa kizuizini. Huyu hayuko pembeni. Ana dola nyuma yake, na Suchet, akiwa katika simulizi ya nchi aliyotoka baba yake, hamfanyi dubwana. Anamfanya mtu mwenye subira na adabu, na hilo linatisha kuliko kelele. Kazi hiyo ilipendekezwa kwa tuzo ya BAFTA.

Halafu kuna matapeli wawili. Augustus Melmotte wa The Way We Live Now, mfululizo wa BBC wa mwaka 2001 uliotokana na riwaya ya Anthony Trollope, ni tajiri asiyejulikana atokako, anayenunua heshima ya London kwa hisa za reli isiyojengwa. Robert Maxwell, aliyemwigiza mwaka 2007, ni mtu wa historia: mzaliwa wa Czechoslovakia, mmiliki wa magazeti, aliyechota fedha za pensheni za wafanyakazi wake na kufa baharini mwaka 1991. Karatasini watu hawa wanafanana mno, nafasi moja iliyorudiwa. Kwa Suchet, Melmotte ni mzigo unaoteremka mlima, mtu anayejua tangu mwanzo kwamba atakamatwa na anaidharau jamii inayomlamba miguu. Maxwell anaamini hadi dakika ya mwisho kwamba atasamehewa, na tabasamu lake linaomba kupendwa. Utofauti wa namna hii, kati ya watu wawili wa aina moja, ni mgumu kuliko kuruka kutoka mfalme hadi mtumwa. Maxwell alimletea tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2008.

Baada ya Poirot alivaa gauni la Lady Bracknell katika The Importance of Being Earnest mwaka 2015, na mwaka 2019 akawa Gregory Solomon, mzee Myahudi mnunuzi wa samani kuukuu katika The Price ya Miller, nafasi iliyojaa mizaha ambayo wengi huicheza kwa mizaha tu. Kwa sauti peke yake amesoma Biblia nzima, rekodi iliyotoka mwaka 2014. Alipewa cheo cha heshima cha Sir mwaka 2020. Miongoni mwa waigizaji wa Uingereza wa kizazi chake wapo waliong'ara zaidi yake jukwaani, na wapo waliofika mbali zaidi katika filamu. Aliyefanya runinga ya umma kuwa mahali pa kusomea maandishi kwa makini kama yeye ni vigumu kumpata. Msomaji anayetaka kuhakikisha aanze na Melmotte, aende kwa Maxwell, ndipo arudi kwa Poirot.